Kutoka Uwanjani Hadi Darasani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Mchezaji wa Kikapu wa Kulipwa Anayekuwa Mwalimu

Kuna mchezaji yeyote mkubwa aliyefanya hivyo kweli, au ni maneno ya kuwatia moyo vijana?

Yupo, na si mmoja. Anayefaa kuanza naye ni Tom Meschery. Alizaliwa mwaka 1938 Harbin, Manchuria, katika familia ya Warusi waliokimbia mapinduzi nchini kwao. Vita Kuu ya Pili ilimkuta mtoto, akazuiliwa na jamaa zake katika kambi mjini Tokyo, na baada ya vita akafika San Francisco. Huko ndiko alikojifunza Kiingereza na kikapu. Akacheza katika Chuo cha Saint Mary's, California, na mwaka 1961 Philadelphia Warriors wakamchukua akiwa chaguo la saba katika uteuzi wa wachezaji wapya wa NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani.

Alicheza NBA misimu kumi, kuanzia 1961 hadi 1971, kwanza Warriors kisha Seattle SuperSonics. Mwaka 1963 alikuwa kwenye kikosi cha nyota wa ligi. Usiku wa tarehe 2 Machi 1962, Wilt Chamberlain alipofunga pointi 100 mjini Hershey, Meschery alikuwa uwanjani upande wake na alifunga 16. Warriors waliistaafisha jezi yake namba 14, yaani hakuna mwingine anayepewa namba hiyo. Alikuwa mchezaji mgumu: msimu wake wa kwanza ndiye aliyeongoza ligi nzima kwa faulo.

Baada ya kucheza alijaribu ukocha kwa msimu mmoja na timu ya Carolina Cougars. Kisha akaenda Chuo Kikuu cha Iowa kusomea uandishi wa mashairi, akapata shahada ya uzamili, na baadaye akafundisha Kiingereza katika sekondari ya Reno, Nevada, kwa zaidi ya miaka ishirini. Aliifanya kazi hiyo kwa miaka mingi kuliko aliyocheza, na kwa sababu hiyo tunamtanguliza. Ualimu kwake haukuwa mahali pa kupumzikia huku akisubiri kazi nyingine. Ulikuwa ndiyo kazi yenyewe.

Kwa hiyo si lazima mchezaji afundishe michezo?

Si lazima, na mara nyingi si busara. Shule ikimwona mtu wa kikapu humkabidhi filimbi na ufunguo wa stoo ya mipira, halafu hakuna anayemuuliza tena alisomea nini. Nafasi za walimu wa michezo ni chache. Nafasi za hisabati, fizikia, kemia, baiolojia na Kiingereza ni nyingi zaidi. Anayesajiliwa kwa masomo mawili ya darasani na akasimamia timu jioni huwa na ajira imara kuliko aliyejifunga kwenye michezo peke yake.

Anayeipenda elimu ya michezo kwa dhati naye ana njia. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hutoa shahada ya elimu ya michezo na sayansi ya michezo, Chuo Kikuu cha Kenyatta kina idara yake, na Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya, mkoani Mwanza, huandaa makocha na viongozi wa michezo. Hata huko, shika na somo la pili.

Aanze kujiandaa lini?

Angali anacheza. Jibu hili ndilo lenye uzito kuliko mengine yote katika ukurasa huu.

Goti likishakatika au mkataba ukishaisha, mchezaji anakuwa na mambo matatu kwa pamoja: kipato kimesimama, mwili unauma, na hajui ajiite nani. Kuingia mwaka wa kwanza wa masomo katika hali hiyo kunawezekana, lakini wengi huacha katikati. Aliyekwisha kumaliza nusu ya masomo huwa na kitu cha kushika.

Kwa wanaocheza vyuoni Marekani, sheria yenyewe inasaidia. Ili kucheza divisheni ya kwanza ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo huko, mwanafunzi anapaswa kuwa amemaliza kozi 16 za msingi za sekondari kwa wastani wa angalau 2.3 kati ya 4.0. Akiwa chuoni anapaswa kukamilisha asilimia 40 ya shahada yake kabla ya kuanza mwaka wa tatu, asilimia 60 kabla ya mwaka wa nne, na asilimia 80 kabla ya wa tano. Mtego upo hapa: ili kutimiza asilimia hizo bila kuumiza ratiba ya mazoezi, wanafunzi wengi husukumwa kwenye shahada nyepesi zisizo na somo la kufundishia. Wanahitimu, halafu wanagundua kwamba shahada yao haiwapi hata somo moja wanaloweza kusajiliwa nalo kama walimu. Kabla ya kuchagua fani, mshauri wa chuo aulizwe swali moja: kwa shahada hii nitafundisha masomo gani mawili?

Kwa waliotoka chuoni mapema, kama Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam aliyeondoka Connecticut baada ya miaka mitatu na kuchaguliwa wa pili katika uteuzi wa NBA mwaka 2009, saa walizokwisha kusoma hazifutiki. Shaquille O'Neal aliondoka Louisiana State mwaka 1992 akiwa amebakiza sehemu ya shahada, akaimaliza mwaka 2000 huku akicheza Lakers, na mwaka 2012 akapata udaktari wa elimu kutoka Chuo Kikuu cha Barry. Msimu wa ligi una safari nyingi, lakini ndani ya ndege na hotelini kuna saa nyingi tupu. Kozi moja wakati wa ligi na mbili wakati wa mapumziko ni mzigo unaobebeka. Tatu kwa mpigo katikati ya ligi humwangusha karibu kila anayejaribu.

Ni vyeti gani vinatakiwa Tanzania na Kenya?

Tanzania, njia ya kawaida ya sekondari ni stashahada au shahada ya elimu. Shahada humtaka aliyemaliza kidato cha sita awe na ufaulu wa masomo mawili ya msingi wenye jumla ya alama zisizopungua 4.0, na kila programu huongeza masharti yake. Mwenye shahada isiyo ya elimu husoma stashahada ya uzamili ya elimu, ambayo kwa kawaida huchukua takriban mwaka mmoja pamoja na mazoezi ya kufundisha. Ajira za serikali hupitia mfumo wa maombi wa serikali, na mwalimu akishaajiriwa husimamiwa na Tume ya Utumishi wa Walimu.

Kenya hakuna anayeruhusiwa kufundisha bila kusajiliwa na Tume ya Huduma za Walimu, TSC, hata katika shule binafsi. Kwa sekondari utaratibu uliozoeleka ni wastani wa C+ katika KCSE, mtihani wa kitaifa wa kumaliza sekondari, na C+ katika kila somo kati ya mawili atakayofundisha. Maombi huambatanishwa na vyeti vya masomo, kitambulisho, namba ya mlipakodi, picha, fomu ya daktari na cheti cha mwenendo mwema kutoka polisi. Cheti cha polisi ndicho huchelewesha wengi kwa sababu huhitaji alama za vidole, na mtu aliyeishi nje miaka kumi anaweza kuombwa pia cha nchi alikokuwa. Kiombe ungali huko. Kukifuatilia ukiwa Nakuru kwa mji wa Lithuania uliochezea msimu mmoja ni kazi ya miezi.

Viwango hivi hubadilishwa mara kwa mara, kwa hiyo soma tangazo la mwaka unaoomba na usitegemee la mwaka juzi.

Nilisoma sekondari na chuo Marekani. Vyeti vyangu vitatambuliwa?

Vitatambuliwa ukivipitisha mahali sahihi na kwa mpangilio sahihi. Tanzania, cheti cha sekondari cha nje hupelekwa Baraza la Mitihani, NECTA, kupata ulinganifu, na shahada hupelekwa Tume ya Vyuo Vikuu, TCU. Kenya, sekondari ni baraza la mitihani, KNEC, na shahada ni tume ya elimu ya vyuo vikuu, CUE. Wengi huanza na shahada kwa kuwa ndiyo kubwa, kisha wanakwama kwa sababu ulinganifu wa sekondari haujafanyika.

Kabla ya kurudi nyumbani beba haya: cheti chenyewe, nakala rasmi za matokeo katika bahasha iliyofungwa na chuo (chukua tatu au nne), maelezo ya kila kozi uliyosoma yaliyotolewa na idara, na kurasa za pasipoti zenye viza zinazoonyesha ulikuwa nchini humo miaka hiyo. Maelezo ya kozi ndiyo yanayosahaulika, nayo ndiyo yanayothibitisha kwamba kozi tano za "sayansi ya afya" zilikuwa kweli baiolojia. Kama unadaiwa na chuo, kinaweza kuzuia matokeo yako. Maliza deni kwanza.

Mshahara wa mwalimu utatosha kwa mtu aliyezoea pesa za kikapu?

Inategemea alizoea zipi. Picha ya mamilioni ya NBA inawahusu wachache mno, na hata huko pensheni ya ligi humhitaji mchezaji awe ametimiza misimu mitatu. Aliyekaa miwili hapati. Wachezaji wengi wa Afrika Mashariki wa kulipwa hucheza kwenye ligi ambazo mkataba ni wa msimu tu, miezi minane hivi, na hakuna akiba ya uzeeni inayokatwa kwa ajili yao.

Kanuni tunayoipendekeza ni nyepesi kuhesabu: mkataba wa miezi minane uugawe kwa kumi na miwili. Kila mwezi wa mshahara, theluthi moja iwekwe kando kabla ya kitu kingine chochote. Ukifanya hivyo unaishi mwaka mzima kwa kipimo kimoja, na siku utakapopokea mshahara wa mwalimu, mdogo lakini wa kila mwezi, mwili na familia vitakuwa vimeshauzoea mwendo huo. Wanaoumia si wale waliopata kidogo bali waliojenga maisha ya miezi minane na kukopa minne.

Mwaka wa kwanza darasani, nini humshinda?

La kwanza ni kutoweza kueleza anachokijua. Mchezaji aliyefanya kitu mara laki moja hakifikirii tena. Mkono wake unajua. Mwanafunzi akimuuliza "nashikaje mpira?" anajibu "hivi" na kuonyesha. Mtoto anaiga, anakosea, mwalimu anaonyesha tena kwa kasi zaidi na anaanza kukasirika. Dawa ni kuandika hatua kwa maneno kabla ya kipindi. Kwa mtupo wa mkono mmoja, kwa mfano: miguu upana wa mabega, mguu wa upande wa mkono unaotupa ukiwa mbele kidogo, vidole vimetawanyika na kiganja hakigusi mpira, kiwiko chini ya mpira, magoti yapinde, yanyooke pamoja na mkono, kifundo cha mkono kiinamie mbele mwishoni. Hatua tano, na kwa siku moja usisahihishe zaidi ya mbili kwa mtoto mmoja. Akisahihishwa zote tano kwa wakati mmoja mwili unaganda.

Hali ni ileile akiwa mwalimu wa hisabati au Kiingereza. Yaliyo rahisi kwako ndiyo yanayohitaji maandalizi marefu zaidi.

La pili ni makaratasi. Azimio la kazi, andalio la somo, daftari la mahudhurio, kusahihisha. Darasa la wanafunzi 60 wakiandika insha ya ukurasa mmoja, na wewe ukatumia dakika nne kwa kila insha, ni saa nne kamili. Mchezaji aliyezoea kwamba kazi huisha kipenga kinapolia huona hilo kama adhabu. Panga siku mbili za kusahihisha kwa wiki na usiwape madarasa yote insha wiki moja.

La tatu ni sauti. Uwanjani watu hupaza sauti kwa dakika chache. Darasani ni vipindi vitano au sita kwa siku. Koo likianza kukwaruza wiki ya pili, tatizo ni kuzungumza juu ya kelele za wanafunzi. Simama kimya mpaka watulie, kunywa maji, na nje tumia filimbi: mlio mmoja kusimama, miwili kuja katikati.

La nne ni jina. Wiki mbili za kwanza wanafunzi watataka picha na hadithi. Zipe dakika kumi siku ya kwanza, kisha anza somo. Jina hufungua mlango, lakini kufikia mwezi wa pili darasa linakupima kwa kitu kimoja tu: wanaelewa au hawaelewi.

Nina wanafunzi 48, mipira 6 na kipindi cha dakika 40. Nifanyeje?

Usipange mistari miwili mirefu. Hesabu inaonyesha kwa nini: mstari wa watoto 24, kila mmoja akitumia sekunde 15, unampa mtoto zamu moja kila dakika sita. Katika dakika 20 za kazi atagusa mpira mara tatu. Muda uliobaki anasukumana na wenzake, na hapo ndipo fujo huanzia.

Gawa makundi sita ya wanane, kila kundi na mpira wake. Zamu inarudi kila dakika mbili, yaani mara kumi kwa dakika 20. Sasa gawa kila kundi nusu: wanne wanapiga pasi na kutupa, wanne pembeni wanafanya mwendo wa ulinzi bila mpira, kisha wanabadilishana kila dakika mbili na nusu. Wakati wa mpira zamu inarudi kila dakika moja, na hakuna anayesimama bure.

Mgawanyo wa muda unaofanya kazi: dakika 4 kufika na mahudhurio, 6 kupasha mwili moto, 20 makundi, 7 mchezo mdogo wa wanne kwa wanne katika nusu za uwanja, 3 kukusanya vifaa na kuhesabu mipira. Hesabu mipira kila siku mbele ya wote. Mpira mmoja ukipotea katika shule ya kata, unaweza usipatikane mwingine mwaka huo.

Vipimo vya uwanja na vifaa kwa shule ni vipi?

Uwanja kamili ni mita 28 kwa 15. Shule isiyo na nafasi ijenge nusu, 14 kwa 15. Ubao una upana wa mita 1.80 na kimo cha 1.05, ukingo wake wa chini uko mita 2.90 kutoka ardhini, na ringi iko mita 3.05. Kwa watoto wa msingi shusha ringi hadi mita 2.60. Hili si jambo dogo: mtoto wa miaka tisa akitupia ringi ya 3.05 hulazimika kurusha kwa mikono miwili kutoka kiunoni, na tabia hiyo ikishakaa hutumia miaka kuiondoa.

Mpira namba 5 kwa chini ya miaka 12, namba 6 kwa wasichana na wanawake, namba 7 kwa wavulana wakubwa na wanaume. Kupima upepo, angusha mpira kutoka kimo cha mita 1.80, upande wa chini wa mpira ukiwa hapo. Unapaswa kuruka hadi mita 1.03 hivi au zaidi kidogo. Mpira mlegevu hufundisha kudunda kwa kuupiga makofi. Lowesha sindano kabla ya kuiingiza, kwa sababu sindano kavu ndiyo hupasua vali.

Kosa la kawaida la mafundi ni kusimamisha nguzo juu ya mstari wa mwisho wenyewe. Mchezaji anayekimbilia kufunga atajigonga. Nguzo ikae nje ya mstari, mkono wa chuma uupeleke ubao ndani kwa mita 1.20, na nguzo izungushiwe sponji hadi kimo cha mita mbili hivi.

Kikapu kinaweza kufundishia fizikia na hisabati, au ni mapambo tu?

Kinaweza, na hapa mchezaji wa zamani ana utajiri ambao walimu wengine hawana. Chukua mtupo huru. Mstari uko mita 4.60 kutoka usoni mwa ubao, na katikati ya ringi ni mita 0.375 mbele ya ubao, kwa hiyo umbali wa mlalo ni mita 4.225. Tuseme mwanafunzi anaachia mpira kutoka kimo cha mita 2.10. Ringi iko 3.05, tofauti ni 0.95.

Waulize kidato cha tano: ni pembe gani inayohitaji nguvu ndogo kuliko zote? Jibu ni nyuzi 45 jumlisha nusu ya pembe ya mwinuko kutoka mkononi hadi kwenye ringi. Mwinuko huo ni nyuzi 12.7, hivyo pembe ni takriban nyuzi 51.3, na mwendokasi ni mita 7.2 kwa sekunde. Kisha waulize mpira unaingia kwa pembe gani. Unaingia kwa nyuzi 38.7, na watakaojumlisha 51.3 na 38.7 watapata 90. Waache wathibitishe kwa nini.

Sasa uzuri wenyewe. Ringi ina kipenyo cha sentimita 45 na mpira 24. Ukiutazama kutoka njia ya mpira, mdomo wa ringi unaonekana mwembamba: 45 mara sine ya pembe ya kuingia. Kwa nyuzi 38.7 unabaki sentimita 28 tu, yaani nafasi ya ziada ya 4. Chini ya nyuzi 32 mpira hauwezi kupita bila kugusa chuma. Ndiyo maana makocha husema "inua", ingawa kuinua kunahitaji nguvu zaidi kidogo. Mwanafunzi aliyekuwa akiambiwa hivyo kila jioni sasa ana sababu aliyoikokotoa mwenyewe.

Kwa kidato cha pili tumia takwimu. Kila mmoja atupe mara 10, siku tatu. Wachore grafu ya kila siku, halafu ya jumla ya 30. Wataona jinsi aliyepata 8 siku ya kwanza anavyoweza kupata 4 siku ya pili, na hapo utawauliza kwa nini tusimhukumu mtu kwa mitupo kumi.

Mwili uliochoka na kikapu utahimili ualimu?

Utahimili ukiutunza. Kusimama saa nyingi kwenye saruji huumiza magoti yaliyochakaa kuliko kukimbia kwa muda mfupi. Viatu vyenye soli nene, kiti kirefu karibu na ubao, na usionyeshe kila mruko mwenyewe: chagua wanafunzi wawili waonyeshe, wewe ueleze. Mwalimu wa mita mbili huziba ubao mzima, basi aandike kutoka pembeni na asogee. Akizungumza na mtoto mmoja akae kwanza. Mtoto anayelazimika kutazama juu muda wote hasemi ukweli wote.

Mawakala wanakuja shuleni kutafuta vijana warefu. Mwalimu afanye nini?

Mchezaji wa zamani ndiye mtu pekee shuleni anayejua soko hili, kwa hiyo wazazi watamtazama yeye. Awe mkali.

Shule ya Marekani inayomchukua mwanafunzi wa viza ya F-1 hutoa fomu ya I-20 yenye jina la shule, gharama zote na nani anazilipa. Bila I-20 hakuna mazungumzo. Shule iwe kwenye orodha ya serikali ya Marekani ya shule zinazoruhusiwa kupokea wanafunzi wa kigeni, na orodha hiyo hupatikana kwenye intaneti. Sekondari za umma huko haziruhusiwi kumweka mwanafunzi wa F-1 zaidi ya miezi 12, na mzazi hulipa gharama kamili ya masomo. Kwa hiyo anayeahidi miaka minne ya bure katika sekondari ya umma kwa viza hiyo anadanganya.

Dalili nyingine mbaya: anadai "ada ya usajili" kwa simu, anataka kubaki na pasipoti ya mtoto, hataji nani atakuwa mlezi wala anuani ya nyumba, anabadilisha jina la shule wiki ya kusafiri, anashauri umri upunguzwe. Hilo la mwisho limewaharibia vijana wengi, kwa sababu cheti cha kuzaliwa na cha shule visipolingana, milango ya chuo hufungwa baadaye.

Mkataba wowote usomwe na mzazi, mwalimu mkuu na mtu wa sheria. Mtoto aondoke na nakala za nyaraka zote, namba ya ubalozi wake, na nauli ya kurudi iliyo mikononi mwa mtu wa familia.

Nyota wa timu ya shule anafeli. Acheze UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari Tanzania, au asicheze?

Sheria iwekwe Januari, kabla haijajulikana nani atafeli. Tunapendekeza kipimo cha mahudhurio na kazi zilizokusanywa badala ya alama peke yake, kwa sababu mtoto mwenye uwezo mdogo anaweza kuhudhuria na kukusanya kazi zote. Asiyetimiza hafukuzwi timu. Anakuja mazoezini, nusu saa ya kwanza anasoma kando ya uwanja, na hachezi mechi. Kumfukuza kabisa humkata kwenye kamba pekee iliyokuwa ikimvuta shuleni.

Na kama wewe ndiye unayesahihisha mtihani wake, mpe mwenzako wa idara ausahihishe. Usiguse alama.

Mchezaji mwenye uwezo aanzishe shule yake?

Dikembe Mutombo alifika Georgetown mwaka 1987 kwa ufadhili wa masomo akitaka kuwa daktari, akahitimu mwaka 1991 katika isimu na diplomasia, akacheza NBA misimu 18. Hospitali aliyoipa jina la mama yake ilifunguliwa Kinshasa mwaka 2007, na baadaye akajenga shule karibu na Mbuji-Mayi yenye jina la baba yake, Samuel, aliyekuwa mtu wa elimu. Alifariki tarehe 30 Septemba 2024 akiwa na miaka 58.

Mfano wake ni mkubwa, lakini anayeufuata aanze kwa kuhesabu mishahara, si matofali. Jengo hulipwa mara moja na lina sherehe ya kukata utepe. Walimu hulipwa kila mwezi, na hakuna anayepiga picha siku hiyo. Shule ya walimu 12 isiyo na fedha za mishahara ya miaka mitatu iliyowekwa kando haijawa tayari kufunguliwa. Mwenye kiasi kidogo atafanya zaidi akilipa mwalimu mmoja wa hisabati katika shule iliyopo, au akikarabati uwanja wake na kununua mipira 12 kila mwaka.

Je, nikiwa na miaka 38 nimechelewa?

Hujachelewa. Stashahada ya miaka miwili inakufikisha 40, na kwa umri wa kustaafu wa 60 bado una miaka ishirini ya kufundisha. Kwa Tanzania, soma tangazo la ajira za serikali kwa makini, kwani mara nyingi huweka kikomo cha umri wa mwombaji kwenye miaka 45. Ikiwa umeshakikaribia, elekeza maombi shule binafsi, na anza kukusanya vyeti wiki hii.